Watoto wa Kuazima

Mwezi wa Aprili mwaka 2014 nilikuwa mgeni nyumbani kwa binti yangu katika jimbo la Minnesota, huko Marekani. Theluji ilikuwa bado haijaisha kwenye vivuli vya nyumba, nami kwa baridi ile nililala na soksi pea mbili. Usiku wa kuamkia Jumamosi, yapata saa nane, nikasikia mtoto mchanga analia. Nilikaa kitako kitandani, nikasikiliza. Nyumba ile haikuwa na mtoto mchanga. Mdogo kuliko wote mle ndani alikuwa mjukuu wangu wa kike, na yeye alikuwa na miaka 14.

Nikavaa koti, nikafuata kilio. Nilimkuta mjukuu wangu amekaa sakafuni chini ya taa, macho mekundu, amempakata mwanasesere. Jioni alikuwa ameniambia kwamba shuleni amepewa "mtoto" wa kulea mpaka Jumatatu, lakini mimi nilidhani ni mambo ya kuchezea tu, nikaitikia kama wazee tunavyoitikia mambo tusiyoyaelewa. Kumbe mwanasesere mwenyewe ana uzito wa mtoto mchanga hasa, kilo 3 hivi, shingo yake hulegea usipoishika, na ndani ya mwili wake mna kompyuta ndogo inayomliza saa yoyote, mchana na usiku. Hulia kwa njaa, hulia kwa nepi, hulia akitaka kubembelezwa tu, na mlezi hana budi akisie mwenyewe ni lipi kati ya hayo.

"Nipe mimi, ukalale," nikamwambia.

Nilimweka begani, nikampigapiga mgongoni, nikatembea naye toka dirishani hadi mlangoni. Hakunyamaza. Nikamjaribu kwa chupa. Akazidi.

"Haiwezekani, Babu," mjukuu wangu akasema, akanionyesha kibangili cha plastiki alichofungwa mkononi, kisichovuka kiganja bila kukatwa. Ndani ya kibangili kile mna kitu kinachomtambulisha kwa mwanasesere. Mlezi akikisogeza kwa mtoto husikika mlio mdogo, na hapo ndipo mtoto anapokubali kunyonyeshwa au kubadilishwa. "Hamjui mtu mwingine ila mimi. Halafu anaandika."

"Anaandika nini?"

"Kwamba nimemtelekeza."

Basi nikamrudishia mtoto wake, nikarudi kitandani. Usingizi ulikuwa umekwisha kukata. Mimi nina watoto watano na, niseme kweli, sikumbuki kuamka usiku kwa ajili ya hata mmoja wao. Kazi hiyo niliwaachia marehemu mke wangu na mama yake. Sasa nimejitolea uzeeni, nakataliwa na plastiki! Lakini kilichoniweka macho hadi alfajiri hakikuwa aibu hiyo. Nilikuwa najiuliza ni mtoto wa namna gani huyu anayemkataa babu yake, na ni nani aliyekaa akaona inafaa atengenezwe hivyo.

Mtu aliyefundisha miaka 37 haachi kuuliza maswali kwa kuwa amestaafu. Kulipokucha nilianza kutafuta habari, na tangu siku hiyo nimeendelea kuzikusanya kidogo kidogo. Mwanasesere yule ana baba na mama. Baba ni Rick Jurmain, mhandisi wa mambo ya vyombo vya anga aliyekuwa amepoteza kazi yake, na mama ni mkewe, Mary. Wakati huo walikuwa wakiishi San Diego, California. Inasimuliwa kwamba siku moja walikuwa wakitazama kipindi cha televisheni kuhusu wanafunzi waliopewa mifuko ya unga waibebe kana kwamba ni watoto wachanga, ili waonje uzito wa ulezi. Wakaambizana kwamba mfuko wa unga haumwamshi mtu usiku. Mhandisi asiye na kazi na wazo mkononi ni mtu wa kuangaliwa. Mwaka 1993 wakatoa mwanasesere anayelia, wakamwita Baby Think It Over, jina ambalo kwa lugha yetu ni kama kumwambia mtu: fikiri tena. Biashara ilikua, ikawa na makao yake katika mji wa Eau Claire, jimbo la Wisconsin, si mbali sana na hapo nilipokuwa nimelala, na baadaye kampuni ikaitwa Realityworks.

Wale wa kwanza walikuwa na akili ndogo. Mlezi alichomeka ufunguo mgongoni mwa mwanasesere na kuushikilia mpaka kilio kiishe, na kisanduku cha ndani kilirekodi kama aliachwa alie au kama alishikwa kwa nguvu. Waliofuata walijifunza kutofautisha njaa na nepi, na kurekodi kila mara kichwa kilipoachwa kining'inie. Walitengenezwa wa rangi mbalimbali za ngozi. Wakatengenezwa pia wa kuonyesha mtoto aliyeathiriwa na ulevi wa mama akiwa tumboni, na wengine wa kuonyesha madhara ya kumtikisa mtoto kwa hasira. Mmoja ni ghali, ndiyo maana shule huwaazimisha kwa zamu, na Jumatatu asubuhi mwalimu huunganisha mwanasesere na kompyuta yake akasoma mlezi alifanya nini saa kwa saa.

Ile mifuko ya unga niliyoitaja ilikuwa ya ratili 5, yaani kilo 2 na kitu. Wengine walipewa yai la kuku, wakalitembeza wiki nzima ndani ya kikapu kidogo, na yai likivunjika mzazi amefeli. Siyacheki sana mambo hayo. Mimi nimefundisha jiografia kwa tufe lililofinyangwa kwa magazeti na uji wa muhogo, na waliosoma kwa tufe lile walifaulu.

Lakini kabla ya unga na mayai, Wamarekani walikuwa wameazima watoto wenyewe, wa nyama na damu. Habari hii sikuiamini niliposoma mara ya kwanza, nikaitafuta mahali pengine, nikaikuta ni ile ile.

Mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na hofu kubwa katika nchi ile juu ya vifo vya watoto wachanga. Huko New York daktari mmoja mwanamke, Josephine Baker, alianzisha vikundi vya "mama wadogo", ambamo wasichana wa shule walifundishwa kuogesha, kulisha na kuvisha watoto, kwa sababu aliona kwamba katika familia za maskini ndio waliokuwa wakibeba wadogo zao mama alipokuwa kazini. Jambo hilo halihitaji maelezo kwa msomaji aliyekulia kwetu. Nani hakubebwa na dada mgongoni kwa kanga? Mwaka 1911 Bibi Martha Chase, mtengenezaji wa wanasesere, alitengeneza mwanasesere mkubwa kama mtu mzima kwa ajili ya kufundishia wauguzi katika hospitali ya Hartford, na baadaye wadogo wa kufundishia ulezi wa watoto. Kwa njia hiyo mwanasesere akawa mwalimu.

Vyuo vikuu vilivyofundisha maarifa ya nyumbani, somo ambalo sisi tulikuja kuliita sayansikimu, havikutosheka na mwanasesere. Chuo Kikuu cha Cornell, katika jimbo la New York, kilikuwa na nyumba ambamo wanafunzi wa kike wa mwaka wa mwisho walikaa kwa zamu wakijifunza kuendesha nyumba, na mwaka 1920 akaletwa humo mtoto mchanga. Walimwita Dicky Domecon. Domecon halikuwa jina la ukoo wa mtu. Ni kifupi cha jina la somo lenyewe kwa Kiingereza. Baada yake walikuja wengine wengi, wote wakipewa ubini huo huo, ili wasijulikane walikotoka. Walitoka katika nyumba za watoto yatima na idara za ustawi wa jamii. Mwanafunzi mmoja alikuwa mama kwa muda wake, akafuata mwingine, na kila gramu ya maziwa na kila saa ya usingizi iliandikwa kwenye daftari. Kwa kawaida mtoto alikaa kama mwaka mmoja, kisha akarudishwa na mahali pake akaletwa mwingine. Mtindo huu ulidumu Cornell hadi mwaka 1969, na vyuo makumi kadhaa vya Marekani viliufuata.

Mimi nimekuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na chuo chetu, kama vingine vyote, kilikuwa na shule ya mazoezi mlangoni pake. Wanachuo walikwenda huko kufundisha wiki tatu, nne, halafu wakaja wengine. Tulijua, ingawa hatukupenda kulisema mbele ya wazazi, kwamba watoto wa shule ya mazoezi walichoka. Kila walipomzoea mwalimu mmoja, akaondoka na zana zake, akaja mwingine kuanzisha nyimbo upya. Wapo waliokuwa hawainui tena macho mwalimu mpya alipoingia. Lakini wale walikuwa wakirudi nyumbani saa nane mchana kwa mama zao. Dicky Domecon alikuwa shule ya mazoezi usiku na mchana.

Haki itendeke pia kwa Wamarekani wale. Watoto waliofika wamekonda, waliondoka wamenenepa, na watu waliotaka kuasili mtoto waliwagombania, wakiamini kwamba wamelelewa kitaalamu. Ukilinganisha na kitanda cha nyumba ya yatima ya wakati ule, sijui kama mimi ningekuwa na ujasiri wa kukataa. Mashaka yalikuja baadaye. Mwaka 1951 mganga Mwingereza, John Bowlby, aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu madhara ya mtoto mdogo kukosa mlezi mmoja wa kudumu. Mwaka 1954 ofisa wa ustawi wa watoto katika jimbo la Illinois alipinga hadharani chuo kimoja kilichokuwa na mtoto wa kiume aliyelelewa kwa zamu na wanafunzi, magazeti yakaandika, watu wakabishana. Baadhi ya watoto wale walipokuwa watu wazima walitafuta kujua walikuwa akina nani, wakakuta picha zao katika maktaba za vyuo na jina lisilokuwa lao.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nikamkumbuka dada yangu.

Sisi ni Wazaramo wa Kisarawe. Mwaka 1957 dada alikuwa na miaka 13, amemaliza darasa la nne, nami nilikuwa na miaka 8. Alipovunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, na bibi yetu akamkabidhi mwana hiti. Kwa wasiomjua, mwana hiti ni kinyago kidogo cha mti, urefu wake kama shubiri moja, hana mikono wala miguu, ni kiwiliwili na kichwa tu, na kichwani ana mashungi mawili ya nywele. Wakwere wanaye, Waluguru wanaye. Umbo hilo hilo lilichongwa kwenye fimbo za wakubwa na kwenye nguzo za makaburi. Siku hizi utamwona zaidi katika makumbusho, hapa Dar es Salaam na huko Ulaya, amesimama ndani ya kioo na kikaratasi chini yake.

Yule wa bibi alikuwa amekwisha kulelewa na wali wengi kabla ya dada. Shangazi alikuwa naye, na kabla ya shangazi sijui nani. Alikuwa ameng'aa kwa mafuta na mikono ya watu. Dada alimwogesha, akampaka mafuta ya mbarika, akamtengeneza nywele, akalala naye. Hakulia wala hakuandika. Lakini wanawake waliingia na kutoka mle ndani mchana kutwa, somo wake, bibi, shangazi, mama wadogo, wakimtazama anavyomshika, wakimwimbia, wakimcheka, wakimwambia maneno ambayo sisi wavulana tulifukuzwa tusiyasikie. Msichana aliyekuwa ndani kwa kweli hakuwa peke yake hata saa moja.

Siku moja walikuwa wamemtoa dada uani kumwogesha, nami nikapenya ndani kwa udadisi. Nikamchukua mwana hiti kitandani. Alikuwa na utelezi wa mafuta. Akanichomoka, akaanguka chini. Sijawahi kusikia ukimya kama ule uliofuata bibi alipotokea mlangoni. Iliaminika kwamba mwali akimwangusha mtoto wake, huenda asizae. Je, akiangushwa na mdogo wake wa kiume? Naona hata wazee hawakuwa na jibu la tayari. Nilichapwa, bila shaka, na kukawa na mambo fulani yaliyofanywa usiku ambayo sikuyaona. Dada alizaa watoto saba. Kila alipojifungua aliniletea salamu kwamba nimeshindwa tena.

Nisieleweke vibaya. Simsifu mwana hiti kwa kuwa ni wetu. Dada alikuwa na akili kuliko mimi, na kuwekwa ndani kule ndiko kulikofunga mlango wa shule kwake. Alipotoka, alitolewa kwa ngoma na baada ya miezi michache akaolewa. Mwana hiti alifundisha ulezi kwa sababu ulezi ulikuwa unangoja mlangoni. Hakumpa msichana nafasi ya kufikiri tena. Mwanasesere wa San Diego ametengenezwa kwa kusudi lililo kinyume kabisa: msichana achoke, aogope, amrudishe, aseme si sasa. Mmoja anaita mtoto, mwingine anamfukuza.

Hilo la kuogopesha nalijua vizuri, kwa sababu nililifanya mimi mwenyewe.

Mwaka 1987 nilikuwa mkuu wa chuo nisichokitaja. Kanuni za wakati ule zilikuwa wazi: mwanachuo wa kike akipata mimba, anaondoka. Mwanzoni mwa muhula muuguzi aliwapima wote, na jina moja likaletwa mezani kwangu. Alikuwa wa mwaka wa pili, mwalimu wa daraja la A mtarajiwa, mmoja wa wale ambao ukiingia nyuma ya darasa kumkagua unasahau kuandika alama. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki miezi mitatu. Alipoitwa ofisini hakulia. Alisema, "Mkuu, mtihani nitaufanya nimekaa. Sitamsumbua mtu." Nikamwambia kanuni si yangu. Nikatia saini. Kesho yake asubuhi, wanachuo wakiwa mstarini, nikaisoma ile barua kwa sauti, jina na kila kitu, ili iwe fundisho kwa wengine. Niliamini hivyo. Nilikuwa na miaka 38 na niliamini kwamba hofu ni mwalimu wa kutegemewa.

Aliyempa mimba alikuwa mwanachuo mwenzake. Hilo lilijulikana bwenini siku ile ile, na kwangu baada ya mwezi. Alifanya mtihani, akafaulu, akapangiwa shule.

Mwaka uliofuata nilitia saini barua mbili. Hao wawili walikuwa wamesimama mstarini siku nilipoisoma ile ya kwanza.

Sasa turudi kwa wanasesere. Kwa zaidi ya miaka 20 shule nyingi za Marekani na nchi nyingine ziliwatumia kwa imani tu. Jambo lilionekana dhahiri, na jambo lililo dhahiri watu hawalipimi. Waaustralia ndio waliolipima sawasawa. Katika mji wa Perth na viunga vyake, kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti wakiongozwa na Sally Brinkman walichukua shule 57, wakazigawa kwa bahati nasibu. Katika shule za kundi moja wasichana wa miaka 13 hadi 15 walipata mafunzo ya siku sita, walitazama filamu ya wasichana waliozaa mapema, na walikaa na mwanasesere toka Ijumaa baada ya masomo hadi Jumatatu asubuhi. Wa kundi la pili walipata masomo ya afya ya kawaida. Kisha watafiti wakafanya jambo ambalo sisi wenye vyuo hatulifanyi kamwe, yaani wakawafuatilia wanafunzi wao hadi walipofika miaka 20, kwa kutumia kumbukumbu za hospitali na kliniki.

Matokeo yalitoka katika jarida la The Lancet mwezi wa Agosti mwaka 2016. Wasichana waliolea mwanasesere walikuwa 1267, na 97 kati yao walikuwa wamezaa kabla ya kufika miaka 20, karibu asilimia 8. Wasiolea walikuwa 1567, na waliozaa ni 67, kama asilimia 4. Waliotoa mimba walikuwa asilimia 9 upande wa wanasesere, na asilimia 6 upande wa pili. Kwa maneno mengine, dawa haikuponya, na huenda iliongeza homa. Kampuni ililalamika kwamba mafunzo yaliyotumika Perth hayakuwa yale inayoyatoa yenyewe pamoja na mwanasesere, na kwa haki nayaandika malalamiko hayo. Lakini wengi walifanya kama Perth, wakiamini kwamba kazi yenyewe ni ya mwanasesere.

Binti yangu ndiye aliyenitumia habari hiyo. Niliisoma mara mbili, kisha nikaikumbuka ile Jumapili ya Minnesota. Mjukuu wangu alimchukua mwanasesere kanisani. Amevishwa kofia ya sufi, amefunikwa blanketi. Wanawake wa kwetu walioko kule, Watanzania na Wakenya na Wakongo, walimzunguka baada ya ibada kama nyuki. Huyu anamshika, huyu anamwonyesha namna ya kumweka kichwa, huyu anauliza amempa jina gani. Alikuwa amempa jina. Msichana yule ambaye kwa kawaida alisimama kando akingoja tuondoke, siku hiyo alikuwa katikati ya watu, na uso wake uling'aa. Jumatatu asubuhi alichelewa basi la shule kwa sababu hakutaka kumfungasha kwenye sanduku lake. "Nimemzoea, Babu," alisema. Usiku wa Ijumaa alikuwa amechoka kabisa, na hata Jumapili bado alikuwa amechoka, lakini kuchoka hakukumfanya asimpende. Na kisha wakamchukua. Mtoto anayerudishwa Jumatatu hajapata surua, hajadai ada ya shule, hajamfukuzisha mtu chuo.

Kitu kimoja walichonizidi Wamarekani nikiri: darasani kwa mjukuu wangu wavulana nao walibeba. Perth waliobeba walikuwa wasichana peke yao, kama kwa mwana hiti, kama kwa barua zangu.

Mwezi wa Novemba mwaka 2021 nilisikiliza redioni Waziri wa Elimu akitangaza kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya kujifungua wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Nilizima redio, nikafanya hesabu. Yule wa 1987 alikuwa na miaka 21 siku ile ofisini. Mtoto wake, kama alizaliwa salama, sasa ana miaka 34. Nimewahi kuuliza habari zake kwa waliosoma naye. Mmoja aliniambia alionekana Morogoro akiuza vitenge, mwingine akasema alihamia Tabora kwa ndugu. Hakuna aliyemwona akifundisha.

Mwaka jana nilikwenda Kisarawe kumwona dada. Ana miaka 80 sasa, macho yamepungua nguvu lakini ulimi bado. Alikuwa kibarazani akichambua mchicha kwa kupapasa. Nikamhadithia mwanasesere wa Minnesota, anavyolia, anavyolegea shingo, na kile kibangili kinachomfanya asimkubali mtu mwingine. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, hasa niliposema kwamba alinikataa mimi. "Alijua," alisema. "Alijua wewe huwa unaangusha."

Kisha akanyamaza, akaendelea na mchicha.

"Na mama yake binti alikuwa wapi?"

"Amelala. Alikuwa na kazi asubuhi."

"Na wewe?"

"Nilirudi kitandani, dada. Nimekwambia, mtoto hashikiki na mwingine."

"Si nasema umshike mtoto, mdogo wangu. Ungekaa tu na mwenzio mpaka kuche."

Sikuwa na la kujibu, nikamsaidia kutenga mashina. Habari za ile barua ya 1987 sijamwambia mpaka leo.